Mo Amin wa Eastleigh, na safari ya picha kutoka filamu hadi seva

Leo tuweke kando kidogo mambo ya programu na simu mpya. Msijali, hesabu za megabaiti zitakuja huko mbele. Kwanza nataka tumkumbuke mtu wa hapa kwetu Nairobi ambaye kazi yake imeonwa na mamilioni ya watu duniani, ilhali ukimtajia kijana wa leo jina lake huenda akakuuliza, "Ni nani huyo?" Huyo ni Mohamed Amin, mpiga picha. Wenzake walimwita Mo tu. (Hana undugu na Idi Amin wa Uganda, ingawa kama mtakavyoona waliwahi kukutana ana kwa ana.)

Mtaniuliza, mpiga picha na kompyuta vinahusiana vipi? Vinahusiana sana. Maisha ya Mo ni historia ya jinsi picha inavyosafiri: inapigwa wapi, inapita njia gani, inachukua muda gani kumfikia mtazamaji, na baada ya hapo inalala wapi. Sisi tunaoandika programu tunayaita mambo hayo hayo kwa majina mengine. Yeye aliyaishi, na mara kadhaa nusura yamwue, mpaka siku yalipomwua kweli.

Kamera ya shilingi 40

Mo alizaliwa tarehe 29 Agosti 1943 katika mtaa wa Eastleigh, katika familia ya Kiislamu yenye asili ya Punjab. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli, na mtu wa reli akihamishwa anahama. Familia ikaenda Tanganyika, na Mo akasoma Dar es Salaam. Akiwa na umri wa miaka 11 hivi alinunua kamera yake ya kwanza, Box Brownie iliyokwisha kutumika, kwa shilingi 40.

Kwa wale mliozaliwa juzi: Brownie ilikuwa kamera ya kampuni ya Kodak, kisanduku kitupu chenye lenzi mbele na filamu nyuma. Ya kwanza kabisa ilitoka mwaka 1900, ikauzwa dola moja huko Marekani. Haina betri wala kioo cha kukuonyesha ulichopiga. Brownie nyingi za aina hiyo zilikupa picha 8 kwa filamu moja. Nane! Leo mtu hujipiga picha 8 kabla chai haijapoa, kisha anafuta 7. Mwenye Brownie hakuwa na cha kufuta. Alifikiri kwanza, ndipo akabonyeza.

Kijana huyo akaanza kuuza picha kwa magazeti angali mwanafunzi. Mwaka 1963, akiwa na miaka 20, akafungua kampuni yake mwenyewe Dar es Salaam na kuiita Camerapix. Mbinu yake ya biashara ilikuwa ya kisasa kuliko wakati wake: katika tukio moja alibeba kamera ya picha za kawaida na kamera ya filamu ya televisheni, akauza kazi ya siku moja kwa wateja wengi. Sisi leo tungesema chanzo kimoja cha data, matokeo mengi.

Haukupita muda, kazi ikamfuata mlangoni. Januari 12, 1964 yalitokea mapinduzi ya Zanzibar, naye akavuka kwenda kuyapiga picha. Kisiwa hicho hicho kilimgeukia baadaye. Mwaka 1966 alikamatwa huko, akafungwa karibu mwezi mmoja, akateswa, kisha akafukuzwa Tanzania. Akarudi Nairobi alikozaliwa, na Camerapix ikaanza upya hapa.

Picha inayopanda ndege

Sasa tuingie kwenye ufundi. Kamera za habari za miaka ile zilitumia filamu ya milimita 16. Roli ya futi 100 ilidumu chini ya dakika 3. Ikishaisha unafungua kamera, unatia nyingine, na tukio halikungoji. Filamu iliyopigwa ilikuwa lazima isafishwe kwa dawa gizani kabla mtu yeyote hajaona kilichomo.

Halafu ndiyo ije safari. Jumamosi ya tarehe 5 Julai 1969, Tom Mboya alipigwa risasi katika barabara ya Government Road, ambayo leo ni Moi Avenue. Mo alikuwa miongoni mwa wa kwanza kufika, akapiga filamu pale dukani na ndani ya gari la wagonjwa. Kazi hiyo ilimpatia tuzo ya mpiga picha bora wa televisheni huko Uingereza. Lakini mwaka huo Afrika Mashariki haikuwa na kituo hata kimoja cha setilaiti. Kuwafikia watazamaji wa London, filamu ilikuwa lazima ipande ndege Embakasi kama abiria. Ndege ikiondoka ukiwa bado unasaka teksi, habari yako imelala.

Kituo cha setilaiti cha Longonot, kule Bonde la Ufa, kilianza kazi mwaka 1970, na kilikuwa cha kwanza katika Afrika Mashariki. Tangu hapo picha ziliweza kurushwa kutoka Kenya hadi ng'ambo bila kupanda ndege. Watu wengi hudhani mambo ya mawasiliano hapa kwetu yalianza na kebo za chini ya bahari mwaka 2009. La hasha. Sahani za Longonot zilikuwa zikitazama mbinguni miaka karibu 40 kabla ya kebo hizo.

Faida ya mabadiliko hayo kwa mtu kama Mo ilikuwa kubwa. Nairobi ikawa kitovu. Vita, mapinduzi na ukame wa nchi jirani vilipigwa picha huko, lakini vilipita hapa kwenda duniani. Mo akawa mkuu wa habari za Afrika wa Visnews, shirika lililouza picha za televisheni kwa vituo vya dunia nzima. Alimpiga picha Idi Amin akiwa madarakani Uganda, na mwaka 1980 yeye na Brian Barron wa BBC wakampata dikteta huyo uhamishoni Jeddah, Saudi Arabia, wakafanya naye mahojiano. Basi hapo ndipo Amin wawili walipokaa tena chumba kimoja.

Korem, 1984

Tufike kwenye kazi ambayo dunia inamkumbukia.

Mwaka 1984 njaa kali ilikuwa kaskazini mwa Ethiopia. Mvua zilikosekana, ndiyo, lakini ukame peke yake hauui watu kwa wingi namna ile. Kulikuwa na vita vya wenyewe kwa wenyewe Tigray na Eritrea, na serikali ya kijeshi ya Mengistu Haile Mariam haikutaka ulimwengu uone. Septemba mwaka huo ilikuwa ikisherehekea miaka 10 ya mapinduzi yake kwa gwaride na mapambo jijini Addis Ababa.

Na hapa naomba msomaji uniangalie vizuri: taarifa zilikuwepo. Mwezi Machi 1984 tume ya serikali ya Ethiopia ya misaada yenyewe ilitoa ombi kwa wafadhili, ikasema mamilioni ya watu wamo hatarini. Ripoti ziliandikwa, jedwali zikapangwa, takwimu zikasambazwa. Hakuna kilichotikisika.

Mwezi Oktoba Mo akapata ruhusa ya kufika huko pamoja na Michael Buerk wa BBC. Wakafika Korem na Mekele. Alfajiri yenye baridi, wakaona maelfu ya watu wameketi uwanjani, wamejifunika mashuka, na waliokufa usiku wamelazwa pembeni. Mo akapiga. Kamera yake haikukimbia huku na kule. Ilitulia juu ya uso mmoja, ikahamia mwingine, polepole. Mkanda ukatoka Ethiopia hadi Nairobi, kisha London, na tarehe 23 Oktoba 1984 BBC ikaurusha.

Ripoti ilikuwa ya dakika chache tu. Vituo 425 duniani viliionyesha, na inakadiriwa watu milioni 470 waliiona. Mwimbaji Bob Geldof alikuwa mmoja wao. Desemba ukatoka wimbo wa Band Aid, na tarehe 13 Julai 1985 yakafanyika matamasha ya Live Aid London na Philadelphia kwa siku moja, yakiunganishwa kwa setilaiti. Ndege za misaada zikaanza kutua.

Kwa sisi watu wa data somo hili ni chungu. Huwa tunaamini kwamba ukikusanya takwimu sahihi na kuziweka mahali pa wazi, watu watachukua hatua. Mwaka 1984 takwimu zilikaa mezani miezi saba. Kilichowaamsha watu ni dakika chache za nyuso. Sisemi takwimu hazina maana. Bila wale waliohesabu, misaada isingejua iende wapi. Nasema tu kwamba kuhesabu na kuonyesha ni kazi mbili tofauti, na sisi mara nyingi huifanya ya kwanza tukadhani tumemaliza zote.

Je, alituchafulia jina?

Wapo wanaolalamika, na lalamiko lao si la kupuuzwa. Wanasema picha za Korem ziliifanya Afrika nzima ionekane bara la watu waliokaa chini wakisubiri chakula. Mtoto mwenye mbavu nje akawa ndiye Mwafrika kwa watu wa Ulaya na Marekani. Na wimbo wa misaada haukutaja vita wala Mengistu. Ulitaja njaa kana kwamba ilianguka kutoka mawinguni.

Ni kweli. Lakini lawama hiyo nadhani inatua kwa mtu asiyestahili. Mo alikuwa mtu wa hapa. Mbali na habari za vita, alitoa vitabu vya picha vingi sana: kimoja kuhusu Hija ya Makka mwaka 1978, kingine kuhusu Ziwa Turkana mwaka 1981, na vya Kenya, Tanzania, Pakistan na kwingineko, vingi akishirikiana na mpiga picha mwenzake Duncan Willetts na mwandishi Brian Tetley. Humo mna harusi, masoko, wavuvi, milima, wachunga ngamia. Afrika yote hiyo aliipiga. Vituo vya ng'ambo ndivyo vilivyochagua kipande kimoja na kukirudia miaka na miaka. Picha ni yake, uchaguzi ni wao. Aliyewahi kuona mashine ya kutafuta picha mtandaoni ikileta njaa na vita unapoandika neno "Afrika" anajua kwamba tatizo hilo halikufa na kanda za video.

Mkono

Mwezi Mei 1991 serikali ya Mengistu ilianguka, na waasi wakaingia Addis Ababa. Siku chache baadaye, mwanzoni mwa Juni, bohari la silaha lililipuka jijini humo. Mo na wenzake wakakimbilia huko kupiga picha, na mlipuko mkubwa zaidi ukawakuta hapo. John Mathai, fundi sauti wake, alikufa. Mo alipoteza mkono wa kushoto.

Tulitaje jina la John Mathai mara mbili, kwa maana historia hupenda kumkumbuka mwenye kamera na kumsahau mwenye maikrofoni. Katika miaka ya kanda za video, mpiga picha na fundi sauti mara nyingi waliunganishwa kwa waya: mmoja ameshika kamera, mwingine amebeba kinasa kizito begani. Alikokimbilia mmoja, wa pili alikuwa nyuma yake. John Mathai alikuwa hapo kwa sababu kazi haikuwezekana bila yeye.

Mpiga picha wa televisheni asiye na mkono, kila mtu alidhani amekwisha. Mo akaenda kutafuta mkono wa bandia wa kielektroniki. Mikono ya aina hiyo ina vihisio vinavyogusa ngozi ya kipande kilichobaki. Ukikaza msuli, vihisio hupokea umeme mdogo sana unaotoka humo, kisha mota hufunga au kufungua vidole. Mtu hujifunza upya, kama mtoto, ni msuli gani unafanya nini. Mo akajifunza, akarudi kazini na kamera begani. Wala hakubadilisha aina ya kazi: alirudi kule kule kwenye vumbi.

Safari ya mwisho

Tarehe 23 Novemba 1996, Mo na Brian Tetley walipanda ndege ya Ethiopian Airlines, safari namba 961, wakitoka Addis Ababa kurudi Nairobi. Shirika hilo walilijua vizuri, kwani Camerapix ndiyo iliyokuwa ikichapisha jarida lake la ndani ya ndege. Vijana watatu wakaiteka ndege na kudai ipelekwe Australia. Rubani, Leul Abate, aliwaeleza kwamba mafuta hayatoshi. Hawakumwamini. Mafuta yakaisha, injini zikazima, na ndege ikaanguka baharini karibu kabisa na ufukwe wa Ngazija, visiwani Komoro. Kati ya watu 175 waliokuwamo, 125 walikufa. Mo na Tetley walikuwa miongoni mwao. Walionusurika walisimulia kwamba Mo alikuwa amesimama, akizungumza na watekaji. Alikuwa na miaka 53.

Ajali yenyewe ilinaswa kwa video na mtalii aliyekuwa ufukweni na kamera ya mkononi. Filamu hiyo ikazunguka dunia. Zama za raia wa kawaida kupiga picha za habari zilikuwa zimeanza kubisha hodi, hata kabla ya simu kuwa na kamera.

Hazina na hesabu zake

Mwanawe, Salim Amin, aliichukua Camerapix, na mwaka 2006 ikatoka filamu kuhusu maisha ya baba na mwana, *Mo & Me*. Lakini urithi mkubwa ni rafu: picha zaidi ya milioni moja, na maelfu ya saa za filamu na video. Sehemu imekwisha kuwekwa mtandaoni, kwenye Google Arts & Culture, na ukipata nafasi kaitazame.

Watu husema "si waskani tu waweke kwenye intaneti?" Haya, shika kalamu. Filamu moja ya milimita 35 ina upana wa milimita 36 na kimo cha 24. Ukiiskani kwa nukta 4,000 kwa inchi, unapata megapikseli 21 na ushee. Ukihifadhi rangi tatu kwa biti 16 kila moja, faili moja ni megabaiti 128 hivi. Zidisha kwa picha milioni moja: terabaiti 128. Nakala ya akiba pia unahitaji, ikae jengo lingine, basi ni terabaiti 256.

Diski ni pesa, na pesa hutafutwa. Shida ni muda. Kusafisha vumbi, kuweka filamu, kuskani na kukagua, tuseme dakika 3 kwa picha. Milioni moja ni saa 50,000. Mtu mmoja akifanya kazi saa 8 kwa siku, siku 250 kwa mwaka, atamaliza baada ya miaka 25. Na hiyo filamu haimsubiri. Filamu ya asetati ikikaa kwenye joto na unyevu huanza kutoa harufu ya siki, ikakunjamana, ikafa. Rangi hupauka. Kanda za video nazo gundi yake hulainika ikanata kwenye mashine, na mashine zenyewe hazitengenezwi tena.

Bado hatujafika kwenye sehemu ngumu. Picha iliyoskaniwa bila maelezo ni faili lisilotafutika. Kompyuta ya leo inaweza kukuambia "watu watatu, ng'ombe mmoja, mti". Haiwezi kukuambia kwamba yule wa kati alikuwa chifu wa lokesheni fulani, na kwamba siku hiyo walikuwa wakibishana juu ya kisima. Hilo lipo vichwani mwa watu, na vichwa hivyo vinazeeka. Wale walioketi pale Korem wametazamwa na mamilioni, na wengi wao dunia haikupata kujua majina yao. Hakuna programu nitakayoiandika mimi au wewe itakayoyarudisha.

Mo angalau ana mwana, kampuni na jina kubwa. Mzee mwenye studio pale mjini kwenu, aliyepiga picha za vitambulisho, harusi na maulidi miaka 40, ana nini? Ana makasha ya filamu stooni, juu yake gunia la mkaa. Akifariki, wajukuu watahitaji chumba. Wakati wa kwenda ni sasa angali hai. Nenda na daftari kabla ya skana. Mpe picha moja moja, muulize: nani, wapi, lini. Andika. Majina yakishaandikwa, filamu inaweza kungoja kidogo mahali pakavu penye baridi, na sisi wa kompyuta tutakuja na mashine zetu. Majina yakipotea, tutakachokuja kuskani ni nyuso tu.

Kama unamjua mzee wa namna hiyo, mtembelee wiki hii. Hadi wakati mwingine.